Moshi ni ule ule, sheria mbali mbali: Sanduku la Hazina ndilo linaloamua

MANYONI. Anayekaa nusu saa kando ya barabara kuu ya Manyoni huiona Afrika Mashariki ikipita mbele yake. Malori yenye namba za Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda na ya hapa nchini hutokea Dodoma na shehena za bandari ya Dar es Salaam, kisha hugawanyika: mengine huelekea Singida na Nzega, mengine hukamata njia ya Itigi na Tabora. Yanayosimama huacha injini zikiunguruma huku dereva akila na utingo akigonga matairi kusikiliza kama yana upepo. Moshi huingia katika sufuria za mama lishe bila kuulizwa namba ya usajili.

Hata hivyo, nyuma ya kila bomba la moshi pana sheria yake. Kenya, kwa kiwango chake namba KS 1515 cha mwaka 2000, hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2018 ndipo Bunge lake likapitisha marufuku ya magari yenye miaka 15 na kuendelea. Tanzania haikupiga marufuku. Iliweka ushuru wa uchakavu, ambao kwa viwango vya miaka ya karibuni umekuwa asilimia 15 kwa gari dogo la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililopita hapo. Rwanda nayo ilichukua njia nyingine kabisa: mwaka 2016 ilitunga sheria mahususi ya ubora wa hewa, na mwaka 2021 ikaondoa kodi kadhaa kwa magari ya umeme.

Nchi nne, jumuiya moja, upepo mmoja. Mfanyabiashara wa Manyoni anayetafuta mtaji wa Fuso la mtumba au wa duka la vipuri ana haki ya kuuliza kwa nini serikali hizi hazikubaliani. Jibu linalosikika kwenye semina ni kwamba kila nchi ina vipaumbele vyake. Ni jibu la adabu, lakini halimsaidii mtu kupanga bei. Ukweli ni kwamba sera ya moshi huandikwa kwa kuangalia sanduku la Hazina kwanza, kisha kiwanda cha nani kinahitaji kulindwa, na kifua cha mwananchi huja mwishoni. Mwenye kuelewa mpangilio huo anaweza kubashiri sheria ijayo mapema kuliko yule anayesubiri hotuba ya bajeti mwezi Juni.

Tuanze na Kenya. Nchi hiyo ina viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa, vyenye wafanyakazi, wanahisa na sauti serikalini. Kila gari kuukuu linalozuiwa Mombasa ni mteja anayeweza kusukumwa taratibu kuelekea kwenye gari lililounganishwa nchini au, kwa uchache, kwenye mtumba mpya zaidi wenye thamani kubwa ya kutozea kodi. Si rahisi kuamini kwamba mapafu ya wakazi wa Nairobi peke yake ndiyo yaliyochagua namba 8. Uganda ilipokuja na namba 15, ilikuwa tayari na Kiira Motors, kampuni ya serikali yenye kiwanda Jinja kwa ajili ya mabasi ya umeme. Tena, marufuku na kiwanda vilitembea pamoja.

Tanzania ilikuwa na kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kilichounganisha malori ya Scania, lakini enzi hizo zilipita, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwenye kiwanda wa kugonga mlango wa Waziri wa Fedha akidai ulinzi. Palikuwepo waagizaji wa mitumba kutoka Japani, mawakala wa forodha, mafundi wa gereji na wenye daladala, yaani kundi kubwa la wapiga kura. Gari lililopigwa marufuku haliingizi senti Hazina. Gari lililotozwa ushuru wa uchakavu huingiza, na likizeeka zaidi huingiza zaidi. Kwa lugha ya kawaida, Serikali ya Tanzania iliamua kuuza ruhusa ya moshi badala ya kuizuia.

Hilo si tusi. Kwa nchi ambayo mtu wa Manyoni au Itigi hawezi kununua gari jipya, marufuku ya miaka 8 ingemaanisha nauli kupanda na mazao kuoza shambani. Lakini ni vema kuita jambo kwa jina lake. Ushuru wa uchakavu ni kodi ya mapato ya serikali iliyovaa kanzu ya mazingira, na kila bajeti inapokuwa na pengo, kanzu hiyo inaweza kuongezwa urefu. Mwekezaji mdogo anapaswa pia kutazama Kibaha upya. Kampuni ya GF Vehicle Assemblers imekuwa ikiunganisha malori huko katika miaka ya karibuni. Kadiri viwanda vya namna hiyo vitakavyokua, ndivyo sauti ya kutaka mitumba ikazwe itakavyokua, na hoja itakayotolewa hadharani itakuwa moshi.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Nchini India, Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2018 amri ya kuondoa barabarani Delhi magari ya dizeli yaliyozidi miaka 10 na ya petroli yaliyozidi miaka 15. Majimbo mengine hayakuwa na ukomo kama huo, na magari mengi yaliyofukuzwa Delhi yalipata wanunuzi huko. Gari kuukuu hutiririka kama maji kuelekea palipo na sheria laini. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa zaidi. Kenya ikifunga mlango kwa miaka 8, gari la miaka 9 lenye usukani wa kulia lililoko Yokohama halitoweki. Hutafuta bandari nyingine, na Dar es Salaam iko jirani.

Sasa aje mtu aseme: kama kila serikali hufuata sanduku lake, mbona mafuta ya dizeli yanafanana? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo linalothibitisha hoja. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, wakati awali kiwango kilichozoeleka kilikuwa sehemu 500. (Wakulima wa korosho wa Masigati wanaijua salfa kwa sura nyingine, ile ya unga wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Ni kitu kile kile. Ndani ya dizeli huungua na kutoka kama moshi unaochoma koo na kuharibu vichujio vya injini za kisasa.)

Makubaliano hayo yaliwezekana kwa sababu hapakuwa na mtambo wa kulindwa. Mtambo wa TIPER wa Kigamboni uliacha kusafisha mafuta takriban mwaka 2000, na Tanzania ikabaki kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kenya ilikuwa na mtambo wa Changamwe, Mombasa, na kwa miaka mingi makampuni ya mafuta yalilazimika kupitisha sehemu ya mafuta ghafi hapo. Mtambo ule mkongwe haukuwa na uwezo wa kutoa dizeli yenye salfa ndogo kiasi hicho. Ulisimama mwezi Septemba 2013, na haukupita mwaka mmoja na nusu kiwango kipya kikaanza. Mtu anaweza kusema ni bahati tu. Anayefahamu jinsi mtambo wa taifa unavyolindwa hatasema hivyo.

Zaidi ya hapo, meli inayoleta dizeli Dar es Salaam haileti ya Tanzania peke yake. Chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja ulioanza mwishoni mwa mwaka 2011, shehena moja huhudumia soko la ndani na la nchi jirani zisizo na bahari. Hakuna mwagizaji anayetaka matangi mawili, moja la mafuta safi na moja la machafu. Palipo na bomba moja, sera huwa moja. Palipo na vituo vya forodha vinne, sera huwa nne. Hata petroli yenye madini ya risasi iliondoka kwa njia hiyo: mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliweka lengo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha. Algeria, yenye mitambo yake ya kusafisha, ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani, Julai 2021.

Mfano mwingine uko nje kidogo ya mji wa Manyoni. Muhalala ni mojawapo ya sehemu tatu zilizopangiwa vituo vya ukaguzi wa pamoja katika ushoroba wa kati, nyingine zikiwa Vigwaza na Nyakanazi. Uzito wa lori umekwisha kupata sheria moja ya Jumuiya, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, na lori la Mnyarwanda na la Mtanzania huwekewa ukomo ule ule wa tani 56. Kwa nini uzito ukapata sheria moja na moshi ukakosa? Kwa sababu lori lililozidisha uzito hupasua lami, na ankara ya lami huenda moja kwa moja kwa serikali. Lori linalotoa moshi mweusi hupasua kifua cha muuza chai, na ankara ya kifua hulipwa na muuza chai mwenyewe pale dirishani hospitalini.

Tanzania haina upungufu wa maandishi katika hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2007, zikiwa na viwango vya moshi wa magari. Dereva anayetoka Dar es Salaam hadi Manyoni hupimwa uzito, huulizwa leseni, taa na bima. Kifaa cha kupima moshi hakijawa sehemu ya kawaida ya safari hiyo. Kampala imetangulia kwa jambo moja dogo lakini lenye nguvu: tangu mwaka 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitega vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa na kutangaza matokeo hadharani. Namba inayosomwa kila asubuhi huwa deni la kisiasa. Kanuni mpya za hewa za Uganda zilitoka mwaka 2024.

Ethiopia inastahili aya yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, hatua kali kuliko yoyote barani, na wanamazingira wakapiga makofi. Wafanyabiashara waliisoma vingine: nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, huku ikiwa na umeme wa maji kwa wingi. Hewa safi ilikuwa faida ya pembeni. Rwanda nayo husafirisha kila lita ya mafuta kwa barabara kutoka bandarini, umbali wa takriban kilomita 1,500, hivyo kila pikipiki inayohamia kwenye umeme ni dola iliyobaki Kigali.

Tukirudi nyumbani, moshi mkubwa zaidi wa Manyoni hautoki kwenye malori. Unatoka jikoni. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja watu 33,000 wanaokufa nchini kila mwaka kwa sababu ya moshi wa kuni na mkaa, na Mei 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo ziliwekwa tarehe za kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa. Mitungi ya gesi ya kilo 6 ikauzwa kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini.

Hapa sanduku lina funguo mbili, na ndiyo maana sera huyumba. Kwa mkono mmoja Serikali hukusanya ushuru wa mazao ya misitu kwa kila gunia la mkaa linalotoka porini kihalali, na halmashauri nayo ina fungu lake; kwa mkono mwingine hutoa ruzuku ili gunia hilo lisinunuliwe. Halmashauri ya wilaya yenye mapori, kama Manyoni, haina haraka sawa na ofisi iliyoko Dodoma. Januari 2006 mkaa uliwahi kusimamishwa kwa ghafla. Bei ikaruka Dar es Salaam, na marufuku hayakudumu.

Kenya ilionyesha mgongano huo waziwazi zaidi kwa sababu kaunti zake zina serikali zake. Mapema mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu wa Kitui alipiga marufuku biashara ya mkaa katika kaunti yake. Lori la mkaa likachomwa moto, na wafanyabiashara wa Limuru, kaunti ya Kiambu, wakaingia barabarani kuandamana. Kitui ilikuwa inapoteza miti. Kiambu ilikuwa inapoteza biashara. Kila upande ulitetea sanduku lake, na mlaji wa Nairobi ndiye aliyelipa tofauti ya bei. Serikali ya Nairobi kwa upande wake ilirudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaiondoa mwaka 2023. Katika miaka hiyo mitatu moshi wa jikoni haukubadilika tabia. Kilichobadilika ni mahitaji ya bajeti.

Tanzania isicheke. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Nia ilikuwa kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na kwa upande wa injini hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa upande wa jikoni ilimwondolea mpishi wa kipato cha chini jiko la mchina na kumwacha na mkaa. Kenya ilifanya jambo la aina hiyo hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita. Sera ya kulinda dizeli ikawa, bila kukusudiwa, sera ya kukata miti.

Zanzibar huongeza fundo jingine. Mazingira si jambo la Muungano, hivyo Visiwani wana sheria yao ya mwaka 2015 na mamlaka yao, ZEMA. Mwenye biashara ya majiko, gesi au magari anayevuka bahari ahesabu kwamba anaingia katika kanuni nyingine, ingawa bendera ni ile ile na waziri wa Muungano na mazingira wako chini ya ofisi moja.

Kwa mnunuzi wa Manyoni, swali la fedha ni hili: aweke mtaji wapi kati ya lori la mtumba, vipuri vya injini na gesi? Gesi ina upepo wa Serikali nyuma yake kwa sasa, lakini upepo huo ni ruzuku, na ruzuku hukauka. Vipuri vya injini za zamani vitaendelea kuuzika maadamu Tanzania inatoza badala ya kuzuia. Mwenye kununua lori la miaka 12 kwa mkopo wa miaka 5 ndiye aliye katika hatari kubwa, kwa sababu mbili. Kwanza, siku Kibaha itakaposikilizwa, thamani ya lori lake sokoni inaweza kupanda kwa muda kwa kuwa mengine hayaingii, ila ushuru na ukaguzi vitapanda nayo. Sababu ya pili iko Makutupora.

Makutupora imo ndani ya wilaya hii ya Manyoni. Hapo ndipo kipande cha reli ya kisasa kutoka Morogoro kinapoishia na kipande cha kwenda Tabora, kilomita 368, kinapoanzia. Kenya ilifungua reli yake ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 kwa vichwa vya dizeli. Tanzania ilichagua umeme, na mwaka 2024 treni za abiria zikaanza kufika Dodoma. Tofauti hiyo nayo haikutokana na upendo wa hewa: Tanzania ilikuwa inajenga bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115 na ilihitaji mteja mkubwa wa umeme huo, wakati Kenya ilitazama zaidi gharama ya ujenzi. Treni ya umeme itakapokuwa inabeba makasha ya Kigali na Bujumbura kupita Makutupora hadi Tabora na mbele yake, malori yanayosimama Manyoni usiku yatapungua, na pamoja nayo gesti, mafundi wa matairi na masufuria ya mama lishe. Benki inayokopesha lori la mtumba leo inapaswa kuulizwa kama imeihesabu reli hiyo kwenye marejesho ya mwaka wa nne na wa tano.